Fedha za Mzee Tusiyemjua

Idara za rasilimali watu siku hizi zinapenda madodoso. Mwaka ukikaribia kwisha, kiungo kinaingia kwenye simu za wafanyakazi, na katikati ya maswali mengi kuna moja la aina hii: umeridhika kwa kiasi gani na mafao ya kustaafu unayopata kupitia mwajiri wako? Chini yake kuna vidoti vitano vya kuchagua. Kijana wa miaka 27, aliyethibitishwa kazini juzi tu, anabonyeza cha nne. Cha tano kingeonekana cha kujipendekeza, na cha pili kinaweza kumletea maneno, maana nani anaamini kweli kwamba aliyejaza dodoso hajulikani? Anasonga hadi swali la chai, na hapo anaandika aya nzima.

Swali alilolipita ndilo linalonishughulisha. Chai anaijua: sukari inaisha Jumatano na maandazi ni ya jana. Mafao ya kustaafu hajawahi kuyaona. Kwa sheria za Tanzania ataruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na atalazimika kustaafu akifika 60, kwa hiyo anaulizwa leo kama ameridhika na kitu ambacho huenda akakipokea baada ya miaka 33. Na ukifikiri vizuri, hata huyo atakayekipokea hamjui. Ni mzee fulani mwenye jina lake na alama za vidole vyake, anayeumwa magoti, ambaye pengine ameoa mara ya pili, amehamia wilaya nyingine, au amegombana na watu ambao kijana huyu leo anakula nao sahani moja. Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1984 katika Reasons and Persons kwamba kinachomuunganisha mtu wa leo na huyo atakayekuwa baada ya miaka mingi kinaweza kupungua nguvu kadiri muda unavyopita, hata tukamtazama huyo wa baadaye karibu kama tunavyomtazama mtu mwingine. Hatuhitaji kwenda naye hadi mwisho wa hoja. Inatosha kushika hati ya mshahara: kila mwezi kijana anakatwa fedha, na anayekatiwa ni mzee asiyemjua.

Fedha yenyewe si ndogo. Mchango kwa mifuko yetu miwili mikubwa ni asilimia 20 ya mshahara. NSSF, mfuko wa sekta binafsi, unataka mwajiri asimkate mfanyakazi zaidi ya nusu ya hizo. PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, unamkata mtumishi asilimia 5 na mwajiri anaweka 15. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa milioni moja anakatwa 50,000, serikali inaweka 150,000, na kwa mwaka mzima mzee wake anakuwa amewekewa shilingi 2,400,000. Sijawahi kusikia mtu akishukuru kwa 150,000 hizo. Nadhani yuko sahihi kutoshukuru. Mwajiri anapopanga bajeti ya nafasi ya kazi, huihesabu fedha hiyo kama gharama ya kuwa na mtu yule, sawasawa na mshahara. Ni ujira uliokwisha kutolewa jasho, ila umecheleweshwa. Kumuuliza mtu kama ameridhika na ujira wake uliochelewa ni kumuuliza swali la pembeni. Anachotaka kujua ni kama upo.

Sasa tazama jambo jingine, dogo kwa hesabu, linalofanya watu waipende kazi.

Mtu anafiwa na mama yake Korogwe. Siku ya pili asubuhi Coaster ya ofisi inaegesha chini ya mwembe, nje kidogo ya uzio, na wanashuka watu ambao hakuwategemea. Mhasibu, ambaye wiki iliyopita alimkatalia fomu ya posho, amevua koti na anabeba viti kutoka kwenye gari la maturubai. Mkuu wa idara amejifunga kanga mbili, ameketi mkekani na akina mama wa mtaa, anamenya vitunguu na kufuta machozi ambayo hakuna anayejua ni ya vitunguu au ya msiba. Kamati ya maafa imeleta bahasha yenye orodha ya majina, na orodha hiyo itasomwa. Miaka kumi baadaye, ukimuuliza mtu huyu kwa nini hakuhama alipoitwa kwingine kwa mshahara mzuri zaidi, hatataja asilimia 15. Atakwambia: "Wale watu walinizikia mama."

Wataalamu wa fedha husikia hadithi kama hizi wakatikisa kichwa. Basi la siku moja na sanda, dhidi ya mamilioni yanayowekwa kwa miaka 30, na mtu anasifia basi! Wanasema elimu ya fedha iko chini. Mimi sioni ujinga hapo. Mfanyakazi hana namna ya kuionja pensheni kabla ya wakati wake, kwa hiyo anaipima taasisi mahali anapoweza kuipima: siku ambayo hana nguvu na hana cha kurudisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na mwenzi, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hayumo kwenye orodha. Huko nyumbani kwake baba mdogo ndiye aliyemlipia ada, na wala haitwi mdogo, anaitwa baba. Ofisi yenye akili haibishani naye kuhusu orodha. Msimamizi anamwambia nenda, tutaonana Jumatatu. Hapo mfanyakazi amejifunza kitu kuhusu mwajiri wake ambacho hakiandikwi kwenye mkataba, na anakitumia kukisia mambo ya mbele.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinaweza kuchezewa. Namfahamu mlinzi aliyefanya kazi miaka mingi kwa mwajiri mkarimu sana. Mbuzi wa Idi walikuwepo, mchele wa Krismasi ulikuwepo, na mtu akifiwa gari lilikuwa tayari kabla hajamaliza kulia. Alipoacha kazi na kuomba taarifa yake ya michango, akakuta karibu miaka miwili iko tupu. Kwenye hati za mshahara makato yapo, kwenye mfuko hayapo. Fedha ilikatwa kwake ikaishia njiani. Na pengo kama hilo linaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko shilingi zake, kwa sababu kinachompa mtu haki ya pensheni ya kila mwezi hadi kufa ni miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15. Anayefikisha 180 analipwa maisha yake yote. Mwenye 160 anapewa malipo ya mara moja na kutakiwa heri. Mlinzi yule hakukasirika siku ile kama nilivyotarajia. Alisema tu, polepole, kwamba wale mbuzi aliwanunua mwenyewe.

Kwa hiyo kuridhika peke yake hakutoshi kutuambia kitu. Mtu anaweza kuridhika huku anaibiwa, na anaweza kunung'unika huku akitendewa haki. Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ulituonyesha hili la pili na la kwanza kwa pamoja, na ndiyo maana nadhani ulikuwa mjadala wa kifalsafa mkubwa kuliko yote tuliyofanya hadharani katika miaka ya karibuni, ingawa watu walikuwa wanazungumzia sehemu na vizidisho.

Kumbuka ulivyokwenda. Kabla ya 2018 wanachama wa mifuko ya PSPF na LAPF, wengi wao walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri, walikuwa wakistaafu wanachukua nusu ya pensheni yao kwa mkupuo. Wa NSSF, PPF na GEPF walichukua robo. Tarehe 1 Agosti 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni zilizofuata zikataka kila mtu achukue robo. Makelele yalikuwa makubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akasimamisha kanuni hizo hadi 2023. Julai 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikairekebisha: waliotoka kwenye nusu wakapandishwa hadi 40, waliotoka kwenye robo hadi 35.

Tufanye hesabu moja, kwa sababu watu wengi walibishana bila kuifanya. Chukua mtumishi aliyechangia miezi 360 na ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, yenye moja ya 540 ya mshahara kwa kila mwezi wa kuchangia, kizidisho cha 15.5 na nusu kwa mkupuo, angeondoka na milioni 62, kisha shilingi 333,000 na ushee kila mwezi. Kwa kanuni ya 2022, yenye moja ya 580, kizidisho cha 12.5 na asilimia 33 kwa mkupuo, anaondoka na milioni 30.7 na kupata kama 416,000 kila mwezi. Mlangoni amepoteza zaidi ya milioni 31, na kwa mwezi ameongezewa takriban 82,500. Gawanya. Ili nyongeza hiyo irudishe kilichopotea, atahitaji miaka 31 na nusu, yaani afike umri wa miaka 91, na hapo hujagusa kupanda kwa bei. Marekebisho ya 2024 yalimsogeza hadi milioni 37 na kitu. Mwalimu aliyesema ameonewa hakuwa amekosea hesabu.

Walioandika kanuni mpya nao hawakuwa wajinga wala, kwa ninavyoona, wabaya. Ile milioni 62 ilikuwa inatoka wapi? PSPF ilirithi deni la watumishi waliokuwa kazini kabla ya 1999, ambao hawakuwa wakichangia. Serikali ilikuwa imewaahidi pensheni, na mfuko ukabebeshwa ahadi isiyokuwa na fedha nyuma yake. Desemba 2021 serikali ililipa sehemu ya deni hilo kwa hatifungani isiyo ya fedha taslimu, yenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mstaafu aliyeridhika alikuwa analipwa kwa michango ya kijana ambaye bado yuko darasani na chaki. Kuridhika kwa kizazi kimoja kulikuwa mkopo, na aliyekopwa hakuulizwa. Mimi naona kanuni ile ya zamani ilikuwa ukarimu wa kutumia mfuko wa mwenzako. Kusema hivyo hakunifanyi niwaunge mkono walioibadilisha jinsi walivyoibadilisha.

Maana kulikuwa na jambo jingine ambalo vizidisho havikuligusa. Mtaalamu wa makadirio ya bima huutazama uzee kama urefu: wastani wa miaka ambayo watu huishi baada ya 60, na namna ya kuhakikisha hakuna mwezi utakaokosa kitu. Anajua kwamba mtu mmoja hajui siku yake lakini watu 10,000 kwa pamoja wanajulikana, na kwamba anayetangulia mapema ndiye anayemlipia anayechelewa. (Huo ni ujamaa kamili, tena unaofanya kazi, ingawa hakuna mfuko utakaojitangaza kwa maneno hayo kwenye kalenda zake.) Kwa mtazamo huo mkupuo mkubwa ni upuuzi: unampa mtu fedha yote siku moja, halafu unamwachia kiasi kidogo kwa miaka 20 ambayo ndiyo atakuwa mgonjwa.

Mstaafu hautazami uzee kama urefu. Anauona kama nafasi ya kukaa mahali fulani kati ya watu. Nyumba iliyosimama kwenye lenta tangu mwaka ule alipohamishwa. Shamba la mdogo wake lililowekwa rehani. Mtoto wa mwisho ana miaka miwili chuoni. Mambo haya hayalipiki kwa 416,000 za kila mwezi, hata zikija kwa uaminifu mpaka kaburini. Yanataka fedha inayofika kwa uzito mmoja. Anayepokea mkupuo anarudi kwao akiwa mtu wa kutoa. Ataitwa kwenye vikao vya harusi, ataombwa ushauri, atakosewa na ataombwa radhi. Anayepokea kidogo kidogo anahofia atarudi akiwa mtu wa kutazamwa. Kwenye jamii ambayo heshima ya mzee imefungamana na mkono wake wa kutoa, kumpunguzia mkupuo ni kugusa jinsi atakavyoitwa.

Najua jibu. Kila mtaa una hadithi ya mstaafu aliyenunua bodaboda tano, akaweka vijana watano, na ndani ya mwaka akabaki na kadi tano za usajili. Au aliyeamini kilimo cha matikiti cha kwenye simu. Au, hapo watu hucheka, aliyeoa. Hadithi hizi ni za kweli na zinatumika vibaya, kwa sababu hazisemi kitu kuhusu wale walioezeka nyumba wakakaa kimya. Aliyefanikiwa na mkupuo wake hana hadithi, ana bati.

Halafu kuna kumbukumbu. NPF, uliotangulia NSSF, ulianzishwa mwaka 1964 kama mfuko wa akiba: unakatwa, unaongezewa riba, ukifika wakati unapewa chako na kuondoka. Waliochangia miaka ya 1960 na 1970 walifika wakati wa kuchukua baada ya shilingi kuporomoka. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Kufika 1990 ilikuwa inakaribia 200. Akiba haiozi, tunaambiwa tangu utoto. Ile ilioza, na iliozea kwenye mikono ya serikali, bila mwizi wa kumnyooshea kidole. Sheria ya 1997 ndiyo iliyoigeuza NPF kuwa NSSF yenye pensheni ya kila mwezi, na kwa hesabu yalikuwa mabadiliko mazuri. Lakini mtoto aliyemwona baba yake akirudi na fedha za miaka 20 zinazotosha mabati ya chumba kimoja, leo naye amefika umri wa kustaafu. Akiambiwa aache mkupuo ili apate uhakika wa kila mwezi, hasikii neno uhakika kama anavyolisikia msemaji.

Ndipo ninapofika kwenye kile kilichoumiza hasa mwaka 2018 na tena 2022. Watu walivumilia asilimia kubwa za makato, wakavumilia mifuko kuunganishwa, wakavumilia kusubiri mafao kwa miezi. Walichoshindwa kumeza ni kwamba ahadi iliandikwa upya katikati ya safari, na aliyeahidiwa akasoma mabadiliko kwenye gazeti. Mtu aliyeanza kazi mwaka 1990 alijenga hesabu zake juu ya nusu. Alikopa kwa kuitegemea nusu. Alimwambia mkewe kuhusu nusu. Kisha akagundua kwamba katika makubaliano yale upande mmoja ulikuwa na kalamu. Hata asilimia 40 zilizokuja baadaye zilipokelewa kwa shangwe ya mtu aliyerudishiwa sehemu ya kilicho chake, na shangwe ya namna hiyo haikai.

Anayeulizwa kuhusu mafao ya kustaafu hawezi kujibu kuhusu fedha ambayo hajaipata. Anachoweza kujibu ni kama watu walioishika wanamhesabu kuwa mmoja wa wenye neno juu yake. Hilo linajulikana mapema, linajulikana kazini, na halihitaji mtu afike miaka 60. Linajulikana pale mkutano wa wafanyakazi unapoletewa kanuni kabla haijapitishwa, na pale mtu anapoweza kufungua simu yake akaona mwezi uliopita umeingia.

Kuna ofisi moja ndogo ninayoijua, ya watu wasiozidi 20, ambako mhasibu hubandika ubaoni, karibu na birika, nakala ya malipo ya NSSF ya kila mwezi: tarehe, namba ya malipo, jumla, na orodha ya majina yenye kiasi cha kila mmoja. Hakuambiwa na mtu kufanya hivyo. Wafanyakazi wa pale wanalalamika kama wa kwingine kokote. Wanalalamikia nauli, wanalalamikia jenereta, wanamlalamikia mhasibu mwenyewe kwa ubahili wake, na sijasikia hata mmoja akiisifia karatasi ile. Mwezi mmoja ilichelewa kubandikwa siku mbili. Siku ya pili, saa nne ilikuwa haijafika, watu watatu walikuwa wameshapita mezani kwake kuuliza, na wa tatu alikuwa dereva wa miaka 24.